Profesa na Fundi Makochi

Mexico, 9 Mei 1977

Anselmo, Bonge langu,

Salamu utazikuta mwishoni, kwa sababu nikianza nazo nitashindwa kuendelea. Nimefika salama. Nina chumba chenye dirisha moja, jirani anayekaanga pilipili tangu alfajiri mpaka macho yananiwasha, na kazi. Chuo cha huku kimenichukua niwe msaidizi wa profesa wa saikolojia ya tiba, kijana niliyemzidi miaka tisa. Mimi, Delfina Iturbe, niliyekuwa profesa kamili Rosario kwa miaka sita, sasa namsahihishia mtu mitihani yake na kumfutia ubao. Cheka tu, lakini usimwambie mama yako.

Kinachoniuma zaidi ni wagonjwa. Nimewaacha kumi na mmoja bila kuwaaga, mimi niliyewaambia wanafunzi miaka yote kwamba mgonjwa haachwi kama mzigo stendi. Lakini asubuhi ile uliyonipandisha basi la mpakani hapakuwa na dakika ya kumuaga mtu. Wakija, waambie nimehama, watafute mwingine. Usiseme zaidi ya hapo. Unajua kwa nini.

Kisha funga chumba changu cha ushauri, uza karakana, uje. Huku makochi ya watu ni mabovu kuliko ya kwetu, hutakosa kazi. Nakumbuka siku ulipoletwa kutengeneza kochi langu, ukalala juu yake ati unalipima, ukasinzia. Nilikusubiri dakika arobaini uamke. Wenzangu walikuwa wanaolewa na madaktari, mimi nikajikuta namtaka fundi anayekoroma.

Nalia nikiwa naoga tu, nisipoteze muda. Njoo, Anselmo. Salamu ni hizo.

Delfina


Rosario, 3 Julai 1977

Kimbaumbau wangu,

Barua yako imechukua wiki saba na imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi mbaya. Mimi ni fundi, gundi mbaya naijua. Kwa hiyo nitakuandikia habari za viti na za mama.

Mama ameanguka bafuni, nyonga imepata ufa. Anakaa kitini siku nzima akiamrisha. Jumapili mimi ndiye ninayekanda unga wa ravioli zake za kujaza nyama, naye ananiambia nimeukanda kama maiti. Anakuwekea sahani. Nimemkataza, hasikii. Viti ninavyo kumi na viwili vya ukumbi wa chama cha Waitaliano, springi zote zimekufa. Pasipoti nimeiomba, wanasema nirudi mwezi ujao.

Wagonjwa wako walikuja. Niliwaambia ulivyosema.

Nitakuja Krismasi. Nakula sana kwa sababu hakuna wa kunikataza, na chakula hakina ladha.

Anselmo


Mexico, 12 Februari 1978

Bonge,

Krismasi imepita. Pasaka uliyoniahidi badala yake nayo inakuja, na naona hata hujataja tarehe ya meli wala ndege.

Nimenunua kitanda cha watu wawili. Muuzaji aliniuliza bwana yuko wapi, nikamwambia anakuja. Nalala upande wangu, upande wako naweka vitabu ili usionekane mtupu. Chuoni nimepewa darasa langu mwenyewe, wanafunzi hamsini, wanacheka lafudhi yangu lakini wanarudi. Nikitoka darasani nataka kukusimulia, nakuta nina ukuta.

Una nini huko, Anselmo, kinachokushika hivyo?

Delfina


Rosario, 23 Juni 1978

Kimbaumbau,

Utakuwa umesikia. Juzi Jumatano tumewafunga Peru sita bila kwenye Kombe la Dunia, hapa hapa Rosario, uwanja ambao ningeufikia kwa miguu nusu saa. Watu wamelala barabarani kwa furaha. Jirani kavunja redio yake kwa kuibusu.

Mimi sikuiona wala kuisikiliza. Nilikuwa na kazi ya haraka huku nyuma, nikasikia tu makelele ya mji, nikahesabu, sita.

Mama anatembea kwa mkongojo na ulimi umerudi na nguvu zake zote. Pasipoti bado. Nivumilie mpaka Septemba. Kuna mambo hayaachwi katikati.

Anselmo


Mexico, 14 Julai 1978

Bwana Anselmo Pagliero,

Nina miaka kumi na tano nikifundisha watu namna ya kusikia kile ambacho mtu hakisemi. Nisingekuwa na aibu ya taaluma ningeileta barua yako darasani.

Mwanamume wa Rosario. Ana redio mbili. Uwanja uko nusu saa. Argentina inacheza kufa na kupona. Naye yuko "huku nyuma", ana "kazi ya haraka"! Nyuma ya karakana yako hakuna kazi, Anselmo. Nyuma kuna chumba changu, na ndani yake kuna kochi langu. Pasipoti haitoki mwaka mzima, mama anapona lakini huji, na "kuna mambo hayaachwi katikati". Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi kwa kuona mawingu ndiko ninakopata mkate.

Hakuna mwanamume wa mji ule anayeikosa mechi ile isipokuwa kwa ajili ya mwanamke. Sikulaumu kwa kuchoka kungoja. Nakulaumu kwa kuniandikia habari za viti.

Usiniandikie tena mpaka uwe tayari kuniandikia jina lake.

Delfina Iturbe


Rosario, 8 Oktoba 1978

Mheshimiwa Profesa Iturbe,

Barua hii inaletwa na binamu yangu mtawa, ambaye anakuja huko kwenye mkutano wa shirika lao. Ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala, kwa hiyo naweza kusema ukweli bila kutazama nyuma.

Mimi ni Olinda Fregossi, mwalimu mstaafu, mgonjwa wako wa Alhamisi saa kumi na moja jioni, yule asiyeweza kupanda lifti. Naandika bila ruhusa ya mumeo, na akijua atanisuta. Lakini bwana yule amekonda, suruali anaifunga kwa kamba ya magunia. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Mama Olinda, mke wangu anadai jina la mwanamke." Nikamwambia, "Mpe langu! Nina miaka sitini na mitatu, litanipa heshima mtaani." Hakucheka.

Wiki ile ulipoondoka nilikuja saa yangu kama kawaida. Mumeo akafungua, akaniambia umehama, nitafute mwingine. Nikamwuliza, mwingine yupi, bwana? Wawili niliowajua wamechukuliwa na wanajeshi, wa tatu amekimbilia Hispania, wa nne nikigonga kwake anazima taa. Nikabaki mlangoni, miguu haiendi mbele wala nyuma. Akaniangalia, akasema, "Basi ingia ukae, mimi naendelea na kazi yangu."

Nikakaa kwenye kiti kisicho na kitambaa. Akanipa mgongo, akawa anang'oa misumari. Niliongea. Sikumbuki kama aliniambia hata neno. Ilipofika dakika ya hamsini akasema, "Tuishie hapo kwa leo," kwa sauti ile ile ya kwako. Nadhani miaka yote alikuwa akiisikia kupitia ukutani.

Alhamisi iliyofuata nilirudi. Nikamkuta wa saa kumi anatoka. Sasa tuko saba, kila mtu na saa yake ile ile uliyompa wewe. Chumba chako hakukifungua, anasema si chake. Tunaongea hapo karakana ya nyuma, kati ya sponji na springi, na yeye ametupa mgongo.

Siku ya mechi ya Peru zamu ilikuwa ya mzee Ludovico. Mwanawe alichukuliwa mwaka jana. Mji ulipolipuka kwa shangwe alihitaji kuwa na mtu mmoja asiyeshangilia.

Nakuomba, mwandikie. Anaogopa kwamba utamkataza, ndiyo maana alikuficha.

Mtiifu wako,
Olinda Fregossi


Mexico, 2 Novemba 1978

Anselmo,

Wewe ni mwendawazimu, na hilo nalisema kitaalamu, tena bila kuficha, kwa sababu barua hii anairudisha yule mtawa mwenyewe.

Unajua ulichokifanya? Mimi nilisoma miaka sita, nikachambuliwa mwenyewe miaka minane, na bado kila mgonjwa mpya ananitia jasho la viganja. Wewe umesoma nini? Umesoma springi! Mtu akivunjika mikononi mwako utamfunga kwa kamba ya katani? Na wakikukuta na watu saba wanaoingia kwa saa na kutoka kwa saa, watasema ni mkutano, watakuchukua, na mimi nitakaa huku nikifundisha nadharia ya majonzi kwa mifano hai.

Nimetembea barabarani mpaka viatu vimeniuma. Kisha nimekaa kwenye benchi nikalia mbele ya watu, si bafuni. Nilisoma kila ishara yako, nikaikosa kila moja. Mganga hajigangi, walisema wakubwa, nami nilidhani wanasema wengine.

Nisamehe. Yule mwanamke niliyemtafuta alikuwa ni kazi yangu mwenyewe.

Wanaendeleaje? Niambie, mmoja mmoja.

Wako,
Delfina


Rosario, 15 Januari 1979

Kimbaumbau wangu,

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wako umenipiga kifuani. Nilikaa miezi minne nikitafuta jina la kukupa. Nilikaribia kubuni.

Nakuandikia kwa mkono wa yule yule mtawa, Mungu amzidishie mikutano. Sikukaa kujifanya mtaalamu, Delfina. Nilimkuta mama wa watu mlangoni, hawezi kuondoka. Ungemfungia? Mimi nilishindwa.

Sisemi kitu. Hilo tu ndilo najua kufanya. Lakini mara moja nilisema, na hiyo ndiyo inaninyima amani. Mzee Ludovico aliniuliza, wiki tatu zilizopita, "Fundi, unadhani atarudi?" Sikuwa nimemtazama usoni mwaka mzima, siku ile nikageuka. Nikamwona. Nikasema, "Atarudi, mzee, tena karibuni." Basi amemnunulia mwanawe viatu vipya, namba arobaini na mbili. Kila Jumatano ananiletea nivione. Anavipiga rangi. Sasa nikisikia hatua zake nje natamani kutoroka kupitia dirishani.

Niseme nini? Nimewahi kuharibu kiti cha mtu nikakilipa. Hiki sijui kinalipwaje.

Ndiyo maana siji. Nikiondoka, watu hawa watakuwa wameachwa mara mbili na nyumba moja. Nakutaka kila siku. Naona vibaya kukuandikia hivyo hivyo bila mapambo, lakini ndivyo ilivyo.

Anselmo


Mexico, 4 Machi 1979

Bonge langu,

Usimtoroke. Mkalishe, geuka umtazame tena, umwambie hivi: "Mzee, nilisema nisilolijua. Nilisema kwa sababu nilishindwa kuuvumilia uso wako." Usiongeze neno. Usimwambie avitupe viatu. Atakasirika, na ana haki. Akiondoka bila kuaga usimfuate barabarani. Jumatano ijayo saa yake iwe wazi, usimpe mtu mwingine, hata asipokuja miezi.

Kosa hilo hata mimi nimelifanya, mwaka wangu wa pili wa kazi. Sijawahi kumwambia mtu ila wewe.

Niandikie kila mwezi, kupitia kwa watawa. Nikiwa nasoma habari zao naisikia karakana, na wewe uko ndani yake.

Delfina


Rosario, 20 Aprili 1981

Kimbaumbau,

Bado sijazoea nyumba bila mama. Tangu Februari nyumba ina ukimya ambao hata kiti kikilia nashtuka. Asante kwa barua yako ya rambirambi. Nimeisoma kaburini kwa sauti, angependa kusikia kwamba ulisema ravioli zake hazina mfano.

Wale saba wamebaki wanne. Mmoja amehama, wawili walisema wanajiona wazima, nami sikuwa na cheti cha kuwabishia. Mzee Ludovico, kama nilivyokwambia, alikaa wiki tisa bila kuja. Alirudi bila vile viatu vipya. Tangu hapo anaongea habari za mwanawe alipokuwa mdogo, na mara moja moja anacheka.

Wanasema siku hizi mambo yanalegea kidogo. Je, huko kuna habari? Una jambo lolote la kuniambia?

Anselmo


Mexico, 17 Mei 1981

Mpenzi wangu Anselmo,

Huku hakuna jipya. Mvua zimewahi, mitihani imenifukia, juzi ardhi ilitikisika kidogo na taa ikacheza. Jitunze, ule vizuri. Msalimie Olinda na mzee Ludovico.

Delfina


Mexico, 6 Novemba 1983

Anselmo,

Nimeangalia uchaguzi wa nyumbani kwenye televisheni ya jirani, yule wa pilipili. Watu walikuwa wakilia foleni. Wenzetu wote wa huku wanafunga mizigo, wananiuliza, "Profesa, unaondoka lini?" Kila nikifungua mdomo kujibu naona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeugua vya kutosha.

Machi ya mwaka 1981 nilipata barua ya mwanasheria Beltramino. Alinihakikishia kwamba jina langu halimo tena kwenye orodha ya wanajeshi, kwamba nikirudi kimya kimya hakuna atakayenigusa. Niliisoma mara moja, nikaiweka kwenye droo. Wiki mbili kabla yake chuo kilikuwa kimenipandisha kuwa profesa kamili na mkuu wa idara ya saikolojia ya tiba. Nilikuwa nimefuta ubao wa watu miaka minne, Anselmo. Nilikuwa na kliniki niliyoianzisha mwenyewe, wanafunzi wanaonipigia simu siku za mitihani na siku za harusi zao. Nikasema, nitamwambia mwezi ujao. Ukaniandikia kuuliza kama nina jambo la kukuambia. Nikakuandikia habari za mvua.

Nilikushuku kwa mwanamke ambaye hakuwepo. Kumbe mwenye wa pembeni nilikuwa mimi, na jina lake ni uprofesa. Miaka miwili na nusu nimeandika "natamani kurudi" na ilikuwa kweli kila mara, lakini sikurudi, na nilikuacha uamini kwamba mlango ulikuwa umefungwa.

Sijui kama bado una mke. Najua tu kwamba bado nina mume, kwa sababu bado upande wako wa kitanda naweka vitabu.

Delfina


Rosario, 4 Desemba 1983

Delfina,

Nilijua.

Beltramino alituma nakala mbili. Moja ilikuja kwako, moja aliileta kwangu kwa mkono wake, tukanywa chai ya yerba, akanipongeza. Nilinunua rangi nikapaka ukuta wa chumba chako siku hiyo hiyo. Kisha nikasubiri uniambie. Nilipoona kimya, nikakuuliza. Ukanijibu habari za mvua. Nikajiambia, hajawa tayari, nisimvute, mtu husema mwenyewe wakati wake ukifika. Si ndivyo mfanyavyo? Nikawa naandika kila mwezi, kila barua nikikuachia nafasi useme, na kila yako ikija naifungua nikiwa nimesimama.

Mwaka jana nilimwambia Olinda. Akasimama pale pale, kabla hata ya dakika ya hamsini, akanifokea: "Bwana Anselmo, huyo ni mkeo, si mgonjwa wa Alhamisi! Mpigie kelele!" Sikumsikia. Nilijiona najua zaidi. Nilikuwa na miaka mitano ya kuketi kimya na watu wakapona, nikadhani kimya kinaponya kila kitu.

Angalia tulichofanya. Profesa mmoja na fundi mmoja, kila mmoja anamvumilia mwenzake kitaalamu. Ningebaki fundi makochi tu, siku ile ile ningekuandikia: rudi nyumbani, mwanamke wee, nimechoka kula peke yangu. Ungekasirika, ungekataa, tungegombana kwa posta, na kufikia Krismasi ungekuwa hapa au mimi ningekuwa huko. Badala yake nimekusikiliza vizuri. Nimezeeka nikikusikiliza.

Nina hasira na wewe, Delfina. Nina hasira mpaka juzi nimepasua ngozi ya kochi la mteja. Na hamu yako imenila, sina pa kuiweka.

Wagonjwa wako wamepata mtu, dada mmoja aliyesomea, amefungua mlango mtaa wa pili. Olinda amemwendea wiki iliyopita, kwa lifti, ghorofa ya tatu. Chuo cha hapa kimetangaza kwamba nafasi za uprofesa zitashindaniwa upya mwakani. Sitakuambia uamue nini kuhusu hilo.

Ila hili nakuambia, tena kwa kelele: rudi nyumbani.

Anselmo


Mexico, 10 Januari 1984

Anselmo,

Nimeisoma barua yako nikiwa posta, watu wakinipita kulia na kushoto. Una haki katika kila neno, isipokuwa hapo pa kuzeeka, hapo nitakwenda kujionea mwenyewe.

Nimejiuzulu. Mkuu wa chuo aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri mno, ndiyo taabu yangu. Wanafunzi wamelia, mimi nimelia, kliniki nimeikabidhi kwa yule kijana niliyekuwa nikimfutia ubao. Nafasi ya Rosario nitaigombea, na nikiikosa nimeikosa.

Ndege inatua tarehe mbili Februari. Nimeuchagua mwezi huo kwa makusudi. Februari wanasaikolojia wote wa nchi yetu wanafunga milango wanakwenda baharini, na wagonjwa wote wanajua kwamba mwezi huo kila mtu ajibebe mwenyewe. Hakuna atakayetubishia hodi. Tutakuwa na siku ishirini na nane za kugombana. Nataka unifokee, nataka nikufokee, tukatizane maneno, tuulize jambo moja mara kumi.

Usije ukanikalia kimya uwanja wa ndege. Sitaki tena kusikilizwa, Anselmo, nataka kujibiwa.

Delfina